Wageni wa Ukuta wa Jiko

Alfajiri haikupata kumkuta Kiranja kitandani. Jua lilipochomoza, alikuwa amekwisha kunawa uso na kufunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni. Reki ilikuwa mkononi, naye alikuwa njiani kushuka majabalini kupambana na mwani.

Kila maji yalipojaa, bahari iliutema mwani juu ya mawe. Kila yalipokupwa, Kiranja aliukusanya. Hakuacha hata unyuzi mmoja.

"Mteja anakuja kula," alizoea kusema. "Haji kutazama takataka za bahari."

Mkahawa wa familia yake ulikuwa mdogo. Ulikuwa na meza saba, kibaraza kilichotazama maji, na jiko la mawe lililojengwa zamani. Chini ya ukuta wa jiko palikuwa na birika lililochongwa ndani ya jabali. Maji ya bahari yalipojaa, yaliingia humo kwa tundu. Yalipokupwa, mengine yalibaki. Humo mkewe alihifadhi kaa wakiwa hai mpaka saa ya kupikwa. Watu walitoka mbali kuja kula kaa hao.

Mkewe aliitwa Mama Hesabu. Jina hilo lilitokana na binti yao wa miaka kumi na mitatu. Tangu alipojifunza kusema moja, mbili, tatu, hakuona kitu asikihesabu. Alihesabu vijiko, ngazi, na hata mara ambazo babake alikohoa. Basi mtoto akawa Hesabu, na mama akawa Mama Hesabu.

Jina la Kiranja lilitoka kwa wateja. Alikuwa mtu wa kanuni. Wateja walioketi kwa kulegea walijikuta wamenyoosha mgongo alipopita karibu yao, bila kuambiwa neno. Alikuwa na kanuni ya viti, kanuni ya vikombe, na kanuni ya mikono. Na kanuni iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa hii: aliyevunja sahani aseme kabla hajaulizwa.

Jumanne moja, wakati wa mapambazuko, mkewe alimwita kutoka jikoni.

"Baba Hesabu! Njoo upokee wageni wako."

"Wageni saa hizi? Waambie hatujafungua."

"Hawa hawakungoja tufungue."

Kiranja aliingia jikoni na reki yake. Mkewe alikuwa amesimama na taa mkononi, akimulika chini ya rafu ya unga. Palikuwa na wadudu wa rangi ya kijivu, bapa, kila mmoja akiwa na urefu wa nusu ya kidole. Walikuwa na papasio ndefu na macho makubwa meusi. Mwanga ulipowapiga, walitawanyika kama shanga zilizokatikiwa uzi.

Kiranja alikanyaga pale walipokuwa. Wao walikwisha kuwa kwingine. Alikanyaga tena. Sakafu ikabaki tupu.

"Kumi na tisa, Baba," alisema Hesabu, aliyekuwa mlangoni. "Na umewakosa wote kumi na tisa."

"Nenda ukahesabu vikombe."

"Vikombe nimekwisha kuvihesabu."

Kiranja hakucheka. Alitazama ukutani, juu ya meza ya kukatia mboga. Pale palibandikwa barua ya ofisi ya afya. Afisa angekuja Ijumaa kukagua jiko. Jiko likiwa safi, mkahawa ungepewa cheti cha mwaka mwingine. Jiko likiwa na mende, mkahawa ungefungwa. Mkahawa wa ng'ambo ya barabara ulifungwa hivyo mwaka uliopita. Mpaka leo viti vyake vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza.

"Mende," alisema Kiranja. "Mende katika jiko langu mimi!"

"Sina hakika kama ni mende," alisema mkewe. "Mende namjua. Huyu ana kitu cha kigeni."

"Mende ni mende, Mama Hesabu. Leo nitaleta dawa."

Saa nne alikwenda dukani. Muuzaji alimpa chupa isiyo na maandishi yoyote.

"Hii dawa, mzee wangu," alisema muuzaji, "mdudu akisikia harufu yake tu, anaandika wosia."

Mama Hesabu aliigeuza ile chupa mara mbili mikononi.

"Haina karatasi," alisema. "Imetoka wapi? Kipimo chake ni kipi? Naomba usiitumie kwanza. Tuulize."

"Tumuulize nani? Mimi ni mtu mzima."

"Sijasema wewe ni mtoto. Nimesema chupa haina karatasi."

Kiranja alinyamaza. Lakini kunyamaza si kukubali. Jua lilipoanza kushuka, alilijaza bomba la kunyunyizia, akaenda nyuma ya jiko peke yake. Palikuwa na ufa mkubwa chini ya ukuta, karibu na jabali. Alipenyeza mdomo wa bomba, akapiga mara tatu. "Nimejaribu tu," alijiambia. "Kesho mchana nitamaliza ukuta mzima." Hakumwambia mkewe.

*

Siku zile serikali ya mji ilikuwa inakarabati ukuta wa kuzuia bahari. Fundi mwashi aliyepewa kazi hiyo alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kukwaruza. Kila asubuhi, saa tatu, aliacha mwiko wake juu ya mawe akaja kunywa chai kwa Mama Hesabu.

Jumatano alipoketi, aliliona bomba chini ya benchi.

"Kaka Kiranja, unalima siku hizi?"

"Nataka kuua mende, Dada Fundi. Wamejaa ukutani. Wa kijivu, wana mbio za ajabu."

Fundi aliweka kikombe chini.

"Wa kijivu? Wana mikia miwili kama uma?"

"Sikuwauliza habari za mikia yao."

"Basi tuwaulize. Nikamatie mmoja."

Kiranja alivua saa ya mkononi, akapanda kwenye mawe kando ya jiko. Aliinama. Alinyemelea. Alirusha kiganja kama mdaka mpira, akadaka hewa. Alijaribu tena, akadaka jiwe. Mara ya tatu suruali yake ikalalamika kwa sauti kwenye mshono.

"Tatu," alisema Hesabu. "Baba, pumzika." Akachukua bilauri, akaifunika juu ya mdudu aliyekuwa kwenye kivuli, akapenyeza kipande cha karatasi ngumu chini yake. Akamleta mezani akiwa mzima.

"Haya," alisema Fundi. "Mende ana miguu mingapi?"

"Sita," alijibu Hesabu.

"Na huyu?"

Hesabu alisogeza pua mpaka ikagusa bilauri. Midomo yake ilienda kimyakimya.

"Kumi na minne!"

"Mbawa?"

"Hana."

"Kaka Kiranja, umemwona mende wa miguu kumi na minne?"

"Labda huyu amesoma zaidi," alisema Kiranja, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Fundi aliipindua bilauri pamoja na karatasi yake, akaiinua ili wamwone mdudu kwa chini. Tumboni, upande wa nyuma, alikuwa na vibamba vyeupe vilivyolowa, vikitikisika taratibu.

"Tazameni hapa. Hivi ndivyo anavyopumulia. Lazima vilowe. Ukimweka pakavu sana, anakufa. Mimi sikusoma mambo haya kitabuni. Wataalamu wa viumbe vya bahari walikuja kumchunguza katika ukuta wa bandari, nami nikawashikia kamba miezi miwili. Walinieleza kila siku mpaka nikawa naota. Mdudu huyu si ndugu wa mende. Ni wa ukoo wa kaa na kamba wa baharini."

"Kaa?" alishangaa Mama Hesabu kutoka dirishani. "Huyu?"

"Huyu. Ana binamu zake bustanini, wale wadogo wa kijivu wanaokaa chini ya magogo yaliyooza. Wengine ukiwagusa wanajiviringa kama punje ya pilipili."

"Ah, hao nawajua! Hawana madhara."

"Na huyu vilevile. Hakuumi. Hataki unga wako wala sukari yako. Yeye hukaa katika nyufa za mawe, juu kidogo ya pale maji yanapofikia. Hula mwani uliooza na uchafu wa baharini. Jike hubeba watoto tumboni, katika mfuko wenye majimaji, mpaka waweze kutembea. Mimi humwita mdudu-mawe, maana jina la wataalamu lilinishinda kutamka."

Hesabu alitoa kitu mfukoni. Kilikuwa ganda jeupe, jepesi kama karatasi, lenye umbo la nusu ya mdudu.

"Nililiokota chini ya rafu. Nikadhani ameliwa nusu."

"Hajaliwa, mwanangu. Anabadilisha nguo. Huvua nusu ya nyuma kwanza, na siku chache baadaye huvua nusu ya mbele."

"Kwa nini asivue yote?"

"Akibaki uchi mzima atakimbiaje?"

Wote walicheka. Hata Kiranja aliruhusu tabasamu. Ndipo Fundi akasema maneno ambayo yalilifuta.

"Sasa sikiliza, Kaka Kiranja. Dawa ya kuua wadudu haichagui ndugu. Inayomuua huyu inamuua na kaa. Inamuua kamba. Samaki pia. Ukiinyunyiza kwenye ufa wa ukuta huu, maji yakijaa yataiosha na kuipeleka birikani. Namshukuru Mungu nimefika kabla hujaanza."

Kiranja alikuwa ameinua kikombe. Hakunywa. Alikirudisha mezani polepole, akasimama, akashuka ngazi za mawe kuelekea birikani.

Kaa watatu walikuwa wamelala chali. Wa nne alikuwa akichezesha miguu bila kwenda popote, kama mtu anayetafuta blanketi usingizini. Wengine walijikunyata upande wa mbali. Kiranja alichuchumaa. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Hayakuonyesha lolote.

Juu ya kichwa chake, dirisha la jiko lilikuwa wazi. Mvuke ulikuwa ukitoka. Mapema asubuhi ile Mama Hesabu aliwatoa kaa sita katika birika hilihili. Walikuwa sufuriani kwa ajili ya chakula cha mchana.

Mtu mmoja tu alijua kuhusu yale mapigo matatu ya bomba. Wale watatu angeweza kuwatupa nyuma ya jabali. Kaa hufa, hakuna ambaye angeuliza. Lakini wale sita waliokuwa motoni? Angemwambia nini mkewe ili azime jiko? Alitafuta uongo unaofaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijikuta anautafuta kwa bidii. Aliona haya, tena haya ya mtu ambaye kwa miaka amewafundisha wengine kuona haya.

Akapanda ngazi.

"Mama Hesabu," alisema. "Zima jiko."

"Kaa hawajaiva."

"Zima. Jana jioni nilipuliza dawa kwenye ufa wa chini. Mara tatu. Sikukuambia. Kaa watatu wamekufa birikani, na wa nne yuko njiani. Hao walio sufuriani hawafai kuliwa na mtu."

Mama Hesabu alizima jiko. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Nilikuambia chupa haina karatasi."

"Uliniambia."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilisema mimi ni mtu mzima."

"Vema. Basi, mtu mzima, nenda ukawaambie wateja kwamba leo hakuna kaa. Na uwaambie kwa nini. Mimi sitakusaidia kwa hilo."

Kwenye kibaraza alikuwapo dereva wa lori la barafu, aliyekuja kila Jumatano kwa ajili ya kaa tu. Kiranja alisimama mbele ya meza yake na kumweleza yote, bila kupunguza. Dereva alimsikiliza na uma wake hewani.

"Kiranja," alisema mwishowe, "wewe ndiye unayetukagua kucha!"

"Ndiye mimi."

"Haya. Nipe wali na maharage. Lakini nitayatazama kwanza."

*

Fundi hakumcheka. Alimwambia aoge kwa sabuni, na shati alilovaa jana lifuliwe peke yake. "Ulipuliza dawa mikono mitupu, eti? Dawa hupita kwenye ngozi. Na ile chupa usiimwage baharini, wala chooni, wala jalalani. Ifunge vizuri, iandike 'SUMU', iweke mbali na chakula na watoto. Afisa wa afya akija Ijumaa, mkabidhi."

"Nimkabidhi mwenyewe? Afisa?"

"Unataka nimkabidhi mimi?"

Kiranja alikwenda kuchukua jembe. Walichimba shimo refu mbali na maji, wakawafukia kaa waliokufa na wale wa sufuriani. Waliobaki birikani hawakuguswa. Hawakuuzwa, wala hawakurudishwa baharini kabla ya kumuuliza afisa.

"Nimeelewa kwamba hawaumi," alisema Mama Hesabu. "Lakini, Dada Fundi, jikoni siwataki. Afisa hatahesabu miguu. Akiona kitu kinakimbia chini ya rafu, atafunga. Na miaka yote tumekaa hapa hawajapata kuingia. Kwa nini mwaka huu?"

"Swali zuri. Mdudu-mawe haendi pasipo na chakula na unyevu. Tuuzunguke ukuta."

Waliuzunguka. Nyuma ya jiko, kwenye pembe ambayo mteja hafiki, palikuwa na turubai la buluu lililotandazwa juu ya kitu kama kilima. Mawe manne yalikuwa yamewekwa kwenye kona zake, kwa mistari iliyonyooka.

"Hiki nini?"

"Mwani," alijibu Kiranja. "Nikiukusanya asubuhi nauweka hapa. Kila kitu mahali pake. Nimeufunika ili usionekane."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Zamani nilikuwa nautupa kule mbali. Nikaona ni uzembe."

Fundi alishika pembe moja ya turubai, akalifunua.

Kilima kilikuwa hai. Mamia ya migongo ya kijivu ilimeta, kisha ikatiririka kama maji yaliyomwagwa, ikapotelea katika nyufa za ukuta. Zile nyufa ziliingia moja kwa moja jikoni. Joto na harufu ya mwani uliooza vilipanda usoni mwao.

Hesabu alifungua kinywa, akakifunga.

"Hawahesabiki," alikiri.

"Basi wenyeji wao tumewapata," alisema Fundi. "Chakula kimeandaliwa. Nyumba imeezekwa ili isikauke. Mlango wa kuingilia jikoni uko wazi. Kaka Kiranja, hata mimi ningehamia."

Kiranja alisimama wima. Kwa muda mrefu alikuwa akijivunia kwamba hakuna aliyekuwa na mawe safi kama yake. Sasa aliona kwamba usafi wake ulikuwa umeondoa uchafu mbele ya macho na kuupanga mgongoni.

"Kumbe mimi ndiye niliyewaleta," alisema.

"Ndiyo. Na wewe ndiye utakayewaondoa, bila hata tone la dawa."

"Niambie."

"Kwanza, huu mwani. Usafi si kuficha. Uondoe wote hapa leo, na usirundike kitu chochote chenye unyevu kwenye ukuta wa jiko: si mwani, si magogo, si magunia. Utandaze mbali juani. Uusuuze kwa maji baridi upungue chumvi, kisha uchanganye na majani makavu. Utakuwa mbolea ya mboga zako. Pili, kule chini kwenye majabali, acha mwani kidogo. Maji yatauchukua, na wadudu-mawe watakula unaobaki. Wao ni wafagiaji wa pwani. Wewe na wao kazi yenu ni moja, tena wao hawachoki. Na ndege na samaki nao huwala wao."

"Nisafishe njia ya wateja tu, basi."

"Njia ya wateja tu. Tatu, nyufa. Wahenga walikwisha kusema kuhusu nyufa na kuta, sitarudia. Zile za upande wa jikoni tuzibe kwa saruji na mchanga. Tundu la maji machafu tulitie wavu wa chuma. Zile za nje, za ukuta wa bahari, ambazo hazipenyi ndani, waachie. Ndiko kwao. Nne, sakafu ikauke kila jioni, na unga uwekwe kwenye chombo chenye kifuniko."

"Hilo la mwisho ni langu," alisema Mama Hesabu. "Nakubali."

Walifanya kazi mchana wote wa Jumatano na siku nzima ya Alhamisi. Dereva alipokwisha kula, walikuwa wameufunga mkahawa. Kiranja alibeba mwani ndoo kwa ndoo mpaka nyuma ya bustani. Hesabu alizihesabu: sitini na moja. Mama Hesabu alikuwa hajazungumza na mumewe zaidi ya "shika" na "pisha". Lakini saa kumi alimletea maji ya kunywa, akangoja mpaka alipoyamaliza, akachukua bilauri. Ndoa ina lugha zake.

Fundi alionyesha namna ya kuchokoa udongo wa zamani ndani ya ufa, kulowesha mawe, na kusindilia saruji mpaka ndani. Kiranja alikuwa mwanafunzi mgumu; alitaka kila mstari unyooke. "Kaka, ufa hauna sare," Fundi alimwambia. "Ufuate unavyokwenda."

*

Ijumaa afisa wa afya aliwasili saa mbili. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na tochi ndogo. Alipiga magoti. Alimulika chini ya rafu, nyuma ya jiko, ndani ya tundu la maji machafu. Alipitisha kidole juu ya saruji mpya. Hapakuwa na kitu kilichokimbia.

"Jiko ni safi," alisema, akatoa kalamu. "Ukuta umezibwa vizuri. Naweza kusaini sasa hivi."

Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Mama Hesabu alimtazama mumewe. Kiranja alilegeza kifungo cha shingoni, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

"Usisaini bado, Bi Afisa," alisema. Akaleta chupa iliyofungwa, yenye neno SUMU kwa herufi kubwa. Akaeleza: ufa, bomba, mapigo matatu, birika, kaa watatu, kaa sita, shimo.

Afisa alimsikiliza bila kumkatiza.

"Kuna mtu aliyekula kaa kutoka birika hilo baada ya Jumanne jioni?"

"Hapana. Hata mmoja."

"Una hakika?"

"Nilizima jiko mimi mwenyewe," alisema Mama Hesabu. "Yeye alisema kabla sijajua lolote."

Afisa alivua miwani, akaifuta.

"Mngenyamaza, nisingejua," alisema. "Na siku mtu angeugua, tungefunga mkahawa huu moja kwa moja. Sikilizeni. Chupa naichukua. Cheti cha jiko nawapa. Lakini birika nalifunga. Kaa waliobaki nitawachukua, nao hawataliwa. Nitapeleka maji maabara leo, na tena baada ya wiki mbili. Maji yaingie na kutoka kwa kila kujaa na kukupwa. Msiweke kiumbe humo. Majibu yakiwa mazuri, mtafungua. Yakiwa mabaya, mtangoja."

"Tutangoja," alisema Kiranja.

Wiki mbili ni nyingi kwa mkahawa unaojulikana kwa kaa. Wateja walipungua. Wengine waliulizia, wakaelezwa, wakaenda zao. Kiranja aliwaeleza wote kwa maneno yaleyale, naye hakumlaumu muuzaji wa dawa kuliko alivyojilaumu. Jikoni hakuingia mdudu-mawe hata mmoja. Majabalini walionekana asubuhi, wakikimbia juu ya mwani mwembamba.

Majibu ya pili yalikuja Jumanne. Maji yalikuwa safi. Afisa aliwaruhusu waweke kaa wawili kwanza, akaja kuwaangalia baada ya siku nne. Alipoinama juu ya birika, kaa mkubwa alimwinulia magando kana kwamba anadai kitambulisho.

"Huyu hana ugonjwa," alisema Afisa, akasaini.

Jumatano iliyofuata lori la barafu lilisimama mbele ya mkahawa. Dereva aliketi mahali pake. Sahani ya kaa ililetwa ikifuka mvuke. Aliitazama. Hakushika uma. Kwenye meza nyingine watu waligeuza vichwa.

"Kiranja," alisema dereva. "Nakuamini. Tumbo langu ndilo lina maswali."

Kiranja hakutoa hotuba. Alivuta kiti, akaketi mbele ya mteja kwa mara ya kwanza tangu mkahawa ufunguliwe. Akanawa mikono kwenye beseni. Akavunja gando kubwa kuliko yote, akatoa nyama, akala. Akavunja la pili.

Meza zote zilikuwa zikimtazama. Alitafuna bila haraka, mgongo wima. Kisha mkono wake ukaelekea gando la tatu.

"Baba Hesabu!" sauti ilitoka dirishani. "Kuonja kunatosha. Sahani ni ya mteja!"

Kibaraza kizima kilicheka, na dereva akaivuta sahani upande wake kabla haijaisha.